Maharusi wanaokimbia: kwa nini klipu hubadili kasi bila kuguswa

SWALI: Shikamoo kaka. Napiga na kuediti video za harusi hapa Morogoro. Naediti kwa programu ya Kdenlive, laptop yangu ina RAM ya 8GB. Kamera yangu inarekodi fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde, mwenzangu anashika simu. Harusi ya juzi imenitoa jasho. Klipu nyingine zinakwenda kasi zenyewe, maharusi wanaingia ukumbini mbio mbio na sauti imekuwa nyembamba, ilhali sehemu ya kubadili kasi sijaigusa hata mara moja. Nyingine picha na sauti zinaachana: MC ameshafunga mdomo, maneno bado yanatoka. Halafu klipu mbili za keki zimekuja slomo, yaani mwendo wa polepole, bila kuombwa. Nimefuta programu nikaiweka upya, tatizo liko palepale. Ni bagi, ni laptop au ni memori kadi? Mteja anataka kazi yake Ijumaa.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na memori kadi ili tuiweke pembeni. Kadi mbovu hukupa faili lisilofunguka, picha iliyojaa viraka vya rangi, au klipu iliyokatika njiani. Haikupi harusi inayokwenda mbio. Kufuta programu nako kusingekusaidia, kwa sababu kasi ya klipu haihifadhiwi kwenye programu. Imeandikwa ndani ya faili la projekti yako. Unaweka Kdenlive mpya, unafungua projekti ileile, na yaliyokuwamo yanafunguka nayo.

Umeniuliza kuhusu tatizo moja, lakini mimi nimesoma matatu: klipu inayokimbia picha na sauti kwa pamoja, klipu ambayo picha na sauti zinaachana taratibu, na slomo isiyoombwa. Kwa jicho yote yanaonekana ni mambo ya kasi, kwa hiyo watu huyatafutia dawa moja na kuzunguka nayo usiku kucha.

Kabla ya kubonyeza chochote, jiulize kama urefu wa tukio umebadilika. Kasi haiwezi kubadilika halafu urefu ukabaki uleule. Chukua kitu chenye mwanzo na mwisho unaoonekana, tuseme bibi harusi anavuka mlango wa ukumbi mpaka anaposhika kiti cha meza kuu. Fungua faili la asili kwa VLC, ile programu ya kuchezea video, usome muda hapo na hapo. Tuseme ni sekunde 42. Sasa rudi kwenye taimlaini, ule ukanda unaopangia klipu, weka mstari wa kuchezea mahali palepale pawili, usome namba za muda. Usiicheze, soma namba tu. Ukikuta 42, basi hakuna kasi iliyobadilika, na unachokiona ni laptop inayoshindwa kuonyesha picha kwa wakati. Ukikuta 31, kuna mtu amebadili kasi. Na mtu huyo, samahani sana, ni wewe.

Najua umesema hujagusa. Nakuamini. Ndiyo maana nataka tukae hapa kidogo.

Katika Kdenlive, ukishika ukingo wa klipu na kuuvuta kwa kipanya, unaikata: fremu za mwisho zinafichika, zilizobaki zinaendelea kwa mwendo wake. Ukiuvuta ukingo huohuo huku kidole kiko kwenye kitufe cha Ctrl, hukati kitu. Klipu yote inabanwa iingie kwenye nafasi ndogo, maana yake inakwenda kasi. Ukivuta kwenda nje, inatanuliwa na kuwa ya polepole. Hakuna dirisha linalofunguka kukuuliza, na wala hukupita kwenye menyu ya kasi, kwa hiyo una haki ya kusema hujaigusa. Na kidole kilifikaje kwenye Ctrl? Kwa sababu hakitoki hapo. Unahifadhi kwa Ctrl na S, unatengua kwa Ctrl na Z, na zaidi ya yote unakuza na kupunguza taimlaini kwa Ctrl na gurudumu la kipanya. Mhariri mwenye haraka anakuza ili aone ukingo vizuri, kidole bado kimelala, anavuta. Imekwisha hiyo.

Ziko dalili mbili ambazo hazikosei. Ya kwanza, tazama fremu ya mwisho ya klipu unayoishuku. Kama kweli uliikata, mwisho wa asili haupo tena. Kama ilibanwa, mwisho bado upo: kamera inayumba unapobonyeza kitufe cha kusimamisha, au mkono wako unapita mbele ya lenzi, ile takataka ambayo ulidhani umeshaiondoa. Ya pili, klipu iliyobadilishwa kasi huandikwa asilimia pembeni ya jina lake kwenye taimlaini. Hukuiona kwa sababu ukiitazama harusi nzima ya saa tatu kwenye skrini moja, kila klipu inakuwa nyembamba kuliko jina lake. Kuza taimlaini usome. Na usome namba yenyewe. Mtu anayebadili kasi kwa kukusudia anaandika 50, 80, 200. Ukikuta 135.48, hiyo haikuandikwa na mtu, ilitokana na mkono uliovuta ukingo.

Kuna njia ya kuzikamata zote kwa mkupuo, na kwa projekti ndefu ndiyo ninayoipenda. Faili la projekti la Kdenlive ni maandishi matupu. Tengeneza nakala yake kwanza, halafu ifungue hiyo nakala kwa Notepad au kihariri chochote cha maandishi, utafute neno warp_speed. Kila linapotokea, mbele yake pana namba, tuseme 1.354839, na karibu na hapo pana njia ya faili linalohusika. Hapo utajua ni klipu zipi zimeguswa bila kupekua taimlaini sentimita kwa sentimita. Usihariri kitu humo ndani. Soma majina, andika pembeni, funga, urudi kwenye programu.

Jambo lingine linalofanya ionekane kama jini limeingia: kasi inarithiwa. Ukiibana klipu moja ya dakika 6 kwa bahati mbaya, halafu ukaikatakata vipande 10 kupanga tukio la kuingia ukumbini, vipande vyote 10 vinabeba asilimia ileile. Ukinakili kimoja na kukibandika kwingine, kinakwenda nayo. Kosa lilikuwa moja, saa tatu usiku, lakini kesho yake unakuta limetapakaa na huoni lilikoanzia.

Kulirekebisha ni rahisi ila lina utaratibu. Bonyeza kulia juu ya klipu, chagua "Change Speed", andika 100. Klipu itarefuka, na kama mbele yake kuna klipu nyingine imebana haitapata pa kurefukia. Kwa hiyo kwanza bonyeza M upate kifaa cha kusukuma nafasi, sogeza kila kilicho mbele, ndipo urudishe 100, kisha ukate upya pale ulipotaka kukata tangu mwanzo. Kama ni vipande vingi vya klipu moja, mimi huwa sihangaiki kurekebisha kimoja kimoja. Navifuta, naivuta upya klipu kutoka kwenye orodha, naikata tena. Ni haraka zaidi na unalala ukijua iko safi.

Hapo maharusi wameshaacha kukimbia. Sasa MC.

Huyu ugonjwa wake ni tofauti kabisa, na laiti ningekuwapo ukumbini ningekuambia kabla hujarudi nyumbani, kwa sababu nina hakika klipu hizo zote ni za simu ya mwenzako. Kamera yako ukiiambia fremu 25, inatoa 25 kila sekunde, mvua inyeshe jua liwake. Simu haifanyi hivyo. Ukichagua fremu 30, simu inachukulia kuwa hiyo ni nia, si ahadi. Mwanga ukipungua, kihisi kinahitaji muda mrefu zaidi wa kukusanya mwanga kwa kila picha, na fremu moja kati ya 30 haiwezi kupewa zaidi ya sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Kwa hiyo simu inapunguza idadi: inashuka mpaka 24 au chini ya hapo, taa zikirudi inapanda. Simu ikipata joto, au ikishindwa kuandika haraka, nayo inaruka fremu. Ndani ya faili simu inaandika kwa uaminifu kila fremu inatakiwa ikae muda gani, na ndiyo maana ukiitazama kwenye simu yenyewe au kwa VLC huoni tatizo lolote. Sauti na picha zinakwenda sawa.

Programu nyingi za kuediti zimejengwa zikitarajia fremu zinazokuja kwa nafasi sawa. Zikikutana na faili la namna hii zinachukua namba moja, mara nyingi 30, na kuitandika mwanzo hadi mwisho. Ni sawa na karani anayelipa vibarua 30 kila siku bila kufungua daftari la mahudhurio. Sauti haina mambo hayo. Sampuli zake 48,000 kwa sekunde zinakuja zote, taa ziwake zizimwe. Tuseme hotuba ya baba mzazi ilikuwa ya dakika 10 na simu ilitoa wastani wa fremu 29.4 kwa sekunde. Hizo ni fremu 17,640. Zikipangwa kwa 30 kwa sekunde zinaisha kwenye sekunde ya 588, wakati sauti inakwenda mpaka 600. Picha imemaliza sekunde 12 mapema, na ndicho ulichokiona: mdomo umefungwa, maneno yanaendelea.

Angalia klipu zako utaona kuwa hazikuanza kuachana mwanzoni kabisa. Rudi kwenye ile ambayo taa za ukumbi zilizimwa ili maharusi waingie na taa za DJ. Nakuhakikishia mwachano unaongezeka kuanzia hapo. Hiki ni kipimo kizuri hata bila programu yoyote. Mwachano unaobaki uleule tangu mwanzo hadi mwisho ni suala la kuoanisha tu, unasogeza sauti kidogo na kazi imekwisha. Unaokua kwa kiwango kimoja, polepole na kwa usawa, unatokana na namba mbili zisizolingana, kwa mfano 29.97 iliyochukuliwa kuwa 30, ambayo katika dakika 10 inakupotezea sekunde 0.6, yaani fremu 15 za projekti yako. Unaokua kwa kurukaruka, mara unatulia mara unakimbia, huo ni wa simu.

Ili usinitegemee mimi, weka MediaInfo, ni programu ndogo ya bure. Buruta faili la simu humo, nenda kwenye sehemu ya video, tafuta mstari wa "Frame rate mode". Ukikuta "Constant", faili ni tulivu. Ukikuta "Variable", na chini yake kuna kiwango cha chini na cha juu, umempata mchawi wako. Kdenlive yenyewe, kama ni toleo la miaka ya karibuni, ilikuonya ulipoingiza klipu hizo. Ni ule ujumbe unaotokea kwenye orodha ya klipu ukikuambia faili lina fremu zisizo na idadi maalumu na kukuomba ruhusa ya kuligeuza. Sote tunaufunga bila kuusoma.

Dawa ni kuligeuza faili kabla ya kuediti. Ndani ya Kdenlive, bonyeza kulia juu ya klipu kwenye orodha na uchague kuigeuza kuwa muundo rafiki kwa uhariri. Menyu imeandikwa "Transcode to edit friendly format". Faili litakuwa kubwa, andaa nafasi kwenye diski. Ukiwa na HandBrake, programu ya kugeuza video, kwenye ukurasa wa video weka fremu 25, chagua "Constant Framerate" badala ya ile iliyowekwa tangu mwanzo, na ubora uwe karibu na 18. Kama huogopi kuandika amri, programu ya FFmpeg inakutosha kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=25 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -b:a 192k -ar 48000 simu_25.mp4

Hapo unaiambia isome muda halisi wa kila fremu, irudie au iache fremu inapobidi, na mwisho itoe 25 zilizopangwa sawasawa. Sauti inabaki na urefu wake. Faili la asili usilifute mpaka mteja amelipa.

Watu wengi wana njia ya mkato: wanaitenga sauti, wanaibana kwa asilimia mpaka mwisho wake ulingane na mwisho wa picha. Mwisho unalingana kweli. Katikati je? Simu ilishuka fremu dakika ya tatu na kupanda dakika ya tano, wewe umegawa upungufu huo kwa usawa dakika zote kumi. Utakuwa sawa mwanzo, sawa mwisho, na katikati midomo inaongopa. Njia hiyo inafaa mahali pamoja tu: sauti iliyorekodiwa kwa kinasa cha pembeni. Saa ya kinasa na saa ya kamera hazilingani kikamilifu, na kwa saa nzima zinaweza kuachana fremu kadhaa, polepole na kwa usawa. Hata hapo mimi hupendelea kukata sauti mahali penye kimya na kuisogeza fremu moja mbili kuliko kuinyoosha, maana kwenye ukumbi wenye muziki kunyoosha kunasikika.

Sasa projekti yako ni ya fremu 25 na simu ni ya 30. Je, hilo lenyewe linabadili kasi? Hapana, na watu hulisingizia bure. Programu ikijua faili ni la fremu 30 kamili, inaacha fremu 5 katika kila sekunde na muda unabaki uleule. Unachopata ni mwendo wa kukwaruzana kidogo pale simu inapozungushwa kufuata watu wanaocheza. Kasi inabadilika pale unapoilazimisha programu iamini idadi isiyo ya kweli. Kwenye sifa za klipu ndani ya Kdenlive kuna kisanduku cha kulazimisha idadi ya fremu; ukitia tiki hapo na kuandika 25 kwa faili la 30, umeagiza picha icheze kwa asilimia 83 ya mwendo wake. Adobe Premiere Pro inayo hiyo chini ya "Interpret Footage", DaVinci Resolve inayo kwenye "Clip Attributes". Ni kifaa kizuri kwa anayetaka slomo safi, na ni mtego kwa aliyebonyeza akijaribu kuona kinafanya nini. Pita kwenye klipu zako uone kama kuna tiki usiyoikumbuka.

Kuhusu kwa nini 25 na si 30: umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za ukumbini zinapepesa kwa kufuata umeme huo. Fremu 25 na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde zinakwenda nao vizuri. 29.97 ni ya Marekani, ilianza televisheni ya rangi ilipoidhinishwa kule mwaka 1953, wakapunguza 30 kidogo sana ili ishara ya rangi isigombane na ya sauti. Japani nayo ilifuata mfumo huohuo, kwa hiyo ukinunua kamera iliyotumika iliyotoka huko, ingia kwenye menyu uangalie kama iko NTSC (huo mfumo wa Marekani) au PAL (wa fremu 25) kabla hujaenda nayo kazini. Kwenye baadhi ya kamera, kubadili hapo kunaambatana na kuformati kadi, kwa hiyo usifanye hivyo ukiwa mlangoni mwa kanisa.

Tuje kwenye keki. Hapa naomba unisaidie kitu kimoja: klipu hizo mbili zina sauti?

Kama ni bubu na zimetoka kwenye kamera yako, hali ya slomo ilikuwa imewashwa. Kamera za Sony huiita S&Q. Zinarekodi tuseme fremu 100 kwa sekunde, zinaziandika kwenye faili la 25, na sauti hazirekodi kabisa. Faili limezaliwa polepole mara nne, na programu inakuonyesha kilichomo. Unaweza kuirudisha kwenye mwendo wa kawaida kwa "Change Speed" na kuandika 400, picha itakuwa sawa, ila makofi na vigelegele vya wakati wa keki havipo, itabidi uvichukue kwenye simu. Gurudumu la juu ya kamera lina tabia ya kusukumwa na begi. Kabla ya kila tukio kubwa, angalia kona ya skrini.

Kama zimetoka kwenye simu, mambo yanategemea zilifikaje kwako. iPhone ikirekodi slomo ya fremu 240, faili la asili lina fremu 240 kwa kila sekunde ya kweli, na maelezo ya wapi pawe polepole yamewekwa kando. Ukilipata faili hilo lenyewe kwa waya, programu ya kuediti inaweza kulicheza kwa mwendo wa kawaida, na wewe unashangaa slomo imekwenda wapi. Mwenzako akikutumia kwa kushea, simu inaandaa video mpya ambayo upole umeshapikwa ndani. Tukio moja, mafaili mawili, kasi mbili. Na kama video ilipita WhatsApp, jua imebanwa upya na si faili lililotoka kwenye kamera ya simu. Waambie wanaokusaidia wakutumie kama dokumenti, au waje na waya. Sitanii, nusu ya kesi ninazoletewa zingekwisha hapo.

Kuhusu laptop. RAM ya 8GB inaediti harusi bila shida, lakini simu za sasa zinarekodi 4K kwa H.265, mfumo wa kubana video, na kuufungua mfumo huo ni kazi nzito kwa mashine ndogo. Kwenye dirisha la kuchezea, picha inachelewa na sauti inaendelea, au picha inaganda halafu inaruka kukimbilia sauti. Ukiwa umechoka utaapa kuwa kasi imebadilika. Ndiyo maana nikakuambia usome namba badala ya kuamini macho. Ukitaka uhakika zaidi, toa kipande cha sekunde 20 tu, ukicheze kwa VLC. Kikiwa sawa, hakuna cha kurekebisha kwenye kasi, washa proksi, yaani nakala nyepesi za klipu za kutumia wakati wa kuediti, kwenye mipangilio ya projekti na uendelee na kazi. Zile klipu ulizozigeuza kwa fremu 25 nazo zitakuwa nyepesi, kwa sababu H.264 haiitesi mashine kama H.265.

Siku ukihamia programu nyingine, mitego inabadili sura tu. Kwenye Premiere herufi R peke yake inakupa kifaa cha kunyoosha kasi, na ukisahau kurudi kwenye V kila ukingo unaouvuta unabana klipu. Ukiweka alama za kuanza na kuishia kwenye klipu na pia kwenye taimlaini, na urefu haulingani, Premiere inakuuliza ufanyeje. Mojawapo ya majibu ni kubadili kasi ya klipu ili ienee, na kuna tiki ya kulifanya jibu hilo la kudumu. Aliyeitia tiki hiyo mwezi uliopita leo analia kama wewe. Resolve ina kitu cha namna hiyo pale juu ya dirisha unapobwaga klipu, "Fit to Fill". Na popote pale, ukibandika sifa za klipu moja juu ya nyingine, angalia kama kasi nayo imo kwenye orodha ya vinavyobandikwa.

Basi kwa Ijumaa fanya hivi. Hifadhi projekti kwa jina jipya, kazi yote ifanyike kwenye hiyo. Idadi ya fremu ya projekti usiibadili sasa hivi hata ukishauriwa na nani, kwa sababu mikato yako yote imehesabiwa kwa fremu 25 na ukiibadili katikati utahamisha kila kitu. Tafuta warp_speed, rudisha klipu hizo kwenye 100. Halafu pitisha MediaInfo kwenye mafaili ya simu, geuza yale yenye "Variable" pekee, na uyaache yageuzwe usiku ukiwa umelala. Asubuhi yaingize kama klipu mpya, yapange upya kwenye sehemu za hotuba na nasaha, kwa sababu hapo ndipo midomo inaonekana. Usitegemee kubadilisha faili la zamani kwa jipya kimyakimya. Mikato ya zamani ilihesabiwa kwa fremu za kubuni na haitaangukia mahali pake. Sehemu za kucheza muziki ambako sauti unayotumia ni ya kamera yako, picha za simu ziache zilivyo. Hakuna mgeni atakayegundua kuwa shangazi amepiga makofi robo sekunde mapema, na wewe huna muda huo.

Harusi ijayo, mwenzako aweke programu ya Blackmagic Camera kwenye simu yake, ni ya bure, na inafanya kazi kwenye iPhone na kwenye simu kadhaa za Android. Afunge fremu 25 na shata 1/50. Kama simu yake haikubali, basi kwenye iPhone aingie mipangilio ya kamera, sehemu ya kurekodi video, azime ile inayojibadilishia fremu kwenye mwanga hafifu. Picha itakuwa na giza kidogo na chenga zaidi, ndiyo gharama yake. Na kila anapoanza kurekodi apige kofi moja mbele ya lenzi, na jingine kabla ya kuzima. Kofi la kwanza linakuonyesha pa kuoanishia, la pili linakuambia kama fremu zilihama njiani.

Kama baada ya hayo kuna klipu bado inakaidi, usinitumie video yenyewe, bando langu halitoshi. Nipigie picha ukurasa wa MediaInfo wa faili hilo, na picha nyingine ya klipu ikiwa kwenye taimlaini imekuzwa mpaka jina lake linasomeka.